Mikanda ya Blanketi la Mzee Anastazi

Wachuuzi wa vitambaa kwenye gulio la Nkwenda wana alama yao. Mwanamke mfupi mwenye futi ya kupimia shingoni akitokea upande wanakosimama bodaboda, wanavikunja vile vitambaa vya uongo na kuvisukuma chini ya meza. Si kwa heshima, ni kwa kuchoka. Anatolia wa Ihembe akishika kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, akakisugua mara moja, anakuambia mbele ya wateja wako kama ni pamba au ni nailoni iliyojipaka wanga, kama kitachuja, na kitachanika wapi kwanza. Kisha, akishamaliza kukufedhehesha, anakinunua kwa bei anayoitaka yeye.

Alizaliwa Mabira, kwenye nyumba ya watoto tisa, akaolewa Ihembe na Ambrose, mtoto wa kwanza wa Mzee Anastazi, bila sherehe ya kuagwa wala keki. Aliingia kwenye ukoo ule na cherehani ya kuazima na mdomo wake mwenyewe. Miaka kumi na tisa baadaye alikuwa na cherehani tatu, chumba cha kazi kando ya barabara, na msaidizi, Placida, jirani mjane ambaye kazi yake ilikuwa kukata nyuzi na kupiga pindo, na starehe yake ilikuwa kusema lolote linalomjia.

Mtu wa namna hii humdhanii kuwa na donda. Alikuwa nalo, na jina lake lilikuwa Vero.

Vero alikuwa mke wa Edgar, mdogo wake Ambrose. Waliishi Mwanza. Walikuja Ihembe Krismasi na Pasaka, na kila Vero aliposhuka kwenye gari alishuka na kitenge cha mama mkwe kilichofungwa kwenye karatasi ya maua. Mama mkwe wao, Felicitas, mwanamke ambaye siku za kawaida hakuwa na kelele hata ya kufukuza mbuzi, angekifungua, angepiga vigelegele, angeita majirani mpaka ng'ambo ya barabara. "Njooni muone mwanangu alichoniletea!"

Mwanangu. Anatolia naye alikuwa amempa yule mama vitenge saba kwa miaka hiyo yote. Alivikumbuka kimoja kimoja, rangi na mwaka, kama wengine wanavyokumbuka uchungu wa kuzaa. Felicitas alivipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, Fundi." Basi. Si mwanangu, wala hata jina lake la ubatizo.

Felicitas alipofariki, kitenge alichofunikwa nacho ndani ya jeneza kilikuwa cha Vero, cha samawati chenye tausi. Watu walilia sana siku ile. Anatolia naye alilia, lakini jicho moja lilibaki kwenye tausi.

Sasa mwaka ulikuwa unakaribia kutimia. Ukoo ukakubaliana kwamba siku ya misa ya kumbukumbu, wakwe wawili wamkabidhi mzee blanketi la viraka, lililoshonwa kwa vitenge vya marehemu, alale nalo. Wazo lilikuwa la Vero. Kazi, bila shaka, ilikuwa ya Anatolia.

Mzee Anastazi alilifungua sanduku la bati mbele yake, harufu ya dawa ya nondo ikawapiga usoni. Vitenge kumi na vinne vilivyokunjwa kama vya dukani. Viwili vilikuwa sare za WAWATA, za kina mama wa kanisa. Kumi na viwili vilikuwa vya Vero. Anatolia alipekua mpaka akagusa bati la chini. Katika vile saba vyake, hakukuwa na hata kimoja.

Alitaka kuuliza. Akaliweka swali chini ya ulimi, akavibeba vitenge kichwani, akaenda zake.

Siku nne alikata. Vipande thelathini, sita kwa urefu, vitano kwa upana, kila kimoja mraba wa shibiri moja na nusu. Mkasi ulivyokuwa unapita alisikia vile vitambaa vinavyosema: krshh, krshh, kama karatasi. Vya Vero vilikuwa havijafuliwa hata mara moja. "Pambo," alisema peke yake. "Amempa mama wa watu pambo." Lakini pambo ndilo lililotunzwa.

Siku ya tano simu ikalia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Vero."

"Dada, nimekutumia mzigo na basi. Ni satini ya dhahabu, ya kutosha mikanda yote na pindo. Nimeona picha kwenye simu, yaani inawaka! Usihangaike kutafuta kitambaa."

"Sijahangaika."

"Najua una kazi nyingi, nikasema nikupunguzie."

"Umenipunguzia kweli," alisema Anatolia, na simu ilipokatika akaitazama kama inavyotazamwa nguo iliyorudishwa na mteja.

Asiyejua ushonaji hudhani viraka ndiyo blanketi. Blanketi ni mikanda. Mkanda ndio unaopita kati ya kipande na kipande, unaoamua nani aonekane na nani azame. Na pindo ndilo linalozunguka yote na kusema hapa ndipo mwisho, asiingie mtu mwingine. Ukiweka mkanda mbaya, vitenge vya bei kubwa vinageuka matambara. Ukiweka mzuri, matambara yanageuka urithi. Anatolia aliona hesabu yake wazi: viraka vya Vero, mikanda ya Vero, pindo la Vero. Yeye angekuwa ametia uzi tu. Na mzee angelala chini ya Vero mpaka naye aitwe, na wajukuu wangeonyeshwa: hili ndilo blanketi la mama yenu mdogo.

Satini ilifika. Aliisugua mara moja, akaitupa juu ya kabati. "Inateleza kama kambare."

Akatandika vipande vyote thelathini kwenye mkeka, akaanza kutafuta mkanda wake mwenyewe.

Kwanza alipanga mabaki ya kitambaa cheusi. Akaenda kusimama mlangoni, akafumba jicho moja. Vitenge vya Vero viliruka juu, kile chenye picha za feni nyekundu kikawaka kana kwamba kimeunganishwa na umeme.

"Hiyo imependeza," alisema Placida.

"Ndiyo maana haifai."

Placida alimtazama, akaendelea kukata nyuzi.

Nyeupe aliiondoa kabla hata haijakaa. Mwanaume mwenye kibanja cha migomba humshonei kitu cheupe, utomvu utakiandika jina lake ndani ya wiki. Nyekundu aliibana ndani ya kitambaa cheupe kilicholowa, akahesabu mpaka mia, akaikuta imeacha alama kama kidonda. Hiyo nayo ikaondoka. Kisha, chini kabisa ya gunia la mabaki, akapata kitambaa cha maua madogo madogo ya rangi saba. Akakata vijimkanda vichache, akavipanga, akarudi mlangoni.

Kila kitu kilikufa. Feni zilizama. Ua kubwa la njano ambalo Felicitas aliliitia majirani halikujulikana tena kama ni ua au ni tapishi. Anatolia alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Hiki," alisema.

"Fundi, hicho kinaua."

"Kinaua nini?"

"Kinaua blanketi zima. Jicho halina pa kukaa. Wewe mwenyewe ulinifundisha, kelele kati ya kelele ni fujo."

"Kila mtu na anachokipenda."

"Unachokipenda wewe kina jina," alisema Placida, "na kinakaa Mwanza."

Anatolia akawasha redio. Alishona safu mbili siku ile, kwa mshono ulionyooka kama alivyoshona maisha yake yote. Hata ubaya aliufanya vizuri. Safu ya tatu ilimtaka ajue upana wa kitanda, maana alikuwa bado hajapima pindo litaning'inia kiasi gani. Asubuhi iliyofuata akachukua futi yake, akaenda kwa mzee.

Hakumkuta nyumbani. Alimkuta kibanjani, akiegemeza migomba iliyolemewa na mikungu. Alisimika mti wenye panda, akauinua mgomba, akaufunga kwa kitambaa. Anatolia alikuwa bado hatua kumi alipokiona kile kitambaa. Mbayuwayu. Walikuwa wamepauka mpaka wakawa rangi ya majivu, lakini mbayuwayu ni mbayuwayu, na alikinunua yeye, Nkwenda, mwaka aliozaliwa Gaudiosus, mtoto wake wa kwanza.

"Shikamoo Tata," alimwamkia baba mkwe wake.

"Marahaba, Mama Gaudiosus. Kaije, karibu. Umekuja kupima kitanda? Hakijarefuka."

"Tata, hicho umekitoa wapi?"

"Kipi?"

"Hicho ulichofungia mgomba."

"Ah. Kwenye mfuko wa matambara wa mama yako. Kamba za migomba zinaoza kabla mkungu haujakomaa. Hivi vinashika misimu miwili."

"Ni kitenge changu hicho. Mimi ndiye niliyempa."

"Ndicho."

"Vya Vero viko kwenye sanduku na dawa ya nondo," alisema Anatolia, na sauti yake ikapanda bila ruhusa yake. "Vyangu vinashika migomba."

Mzee aliacha fundo, akakaa juu ya gogo. Alimtazama kama unavyomtazama ng'ombe mzima anayechechemea, unatafuta mwiba uko mguu gani.

"Vya Vero alivaa lini?" aliuliza.

"Mimi nitajuaje?"

"Hakuvaa. Wageni wakija alivitoa, akavionyesha, akavirudisha. Alisema vinateleza kiunoni. Ukiinama kuchuma kahawa vinakuvua mbele ya vibarua. Hicho cha ndege alikivaa mpaka kikatoboka matakoni. Akakigeuza, akavaa tena. Kilipomshinda akakata mbeleko, ndiyo aliyombebea mtoto wako wa mwisho. Mbeleko ikawa ngata ya kichwani. Ngata ikachujia pombe ya rubisi. Mimi nimekipata mwisho kabisa."

"Na vile vingine?"

"Zunguka mwenyewe. Vyote vilikuwa kazini."

Alizunguka. Cha picha za funguo kilikuwa kwenye mgomba wa tatu. Cha majani kilikuwa vipande viwili, mbali mbali. Alivihesabu vitano kati ya saba, na vile viwili mzee alisema pengine panya wanajua. Alivishika kimoja kimoja na kuvisugua. Pamba. Jua, mvua na utomvu vilikuwa vimevila rangi, lakini uzi ulikuwa bado uzi.

"Mbona hakuniambia, Tata? Vero alipigiwa vigelegele."

"Vigelegele ni vya wageni. Ulitaka uwe mgeni?"

Anatolia aliliacha hilo kwa kukereka, akatafuta lingine. "Lakini amezikwa na cha Vero."

"Ndicho kilichokuwa kizima," alisema mzee.

Lilikuwa jibu la kweli. Halikumponya. Angependa, kwa mara moja tu, kuwe na kitu chake kizima. Lakini Anatolia hakuwa mtu wa kusimama kibanjani akilia, na alikuwa tayari ameanza kupima kwa macho urefu wa vile vitambaa.

"Nataka nivifungue hivi, Tata."

"Mikungu ianguke?"

"Nitakupa kamba nyingine."

"Ya nini?"

"Satini."

"Inashika?"

Hapo angeweza kudanganya. Ila kuhusu kitambaa hakuwahi kudanganya mtu, hata yule aliyekuwa akimpunja. "Inateleza. Ukifunga fundo moja itakuacha. Funga matatu, na uikate pana."

"Kwa hiyo unanipa kibaya, unachukua kizuri." Mzee alianza kufurahi. Zamani naye alikuwa akiuza kahawa kwa watu wagumu. "Unaniongeza nini?"

"Blanketi."

"Blanketi ni langu tayari."

"Nitalirefusha upande wa miguu. Shibiri moja."

"Mbili. Miguu yangu ndiyo inayozeeka kwanza."

"Mbili," alisema Anatolia, "na hutamwambia mtu satini ilikuwa ya nani."

"Hilo nalo lilikuwa na bei," alisema mzee, "lakini nimechelewa kulitaja."

Kufika jioni migomba kumi na mmoja ilikuwa imefungwa riboni za dhahabu, inametameta kwenye jua la kuzama. Placida alipopita njiani alisimama, akashika kiuno.

"Eh! Kibanja kinaoa nani?"

"Pita," alisema Anatolia.

Alivichemsha vile vitambaa kwa sabuni ya mche, akavianika, akavichemsha tena. Madoa ya utomvu hayakutoka. Hayatoki, ni ya kufa nayo. Alikata sehemu zilizokuwa bado na nguvu, mikanda ya upana wa vidole vitatu, akaunganisha ncha kwa ncha. Kitambaa cha zamani peke yake hakibebi blanketi, kitachanika kwenye mshono wa kwanza, kwa hiyo kila mkanda aliuwekea mgongo wa kitambaa kipya cha marekani. Kisha akafumua zile safu mbili za maua ya rangi saba, kushona kwa siku nzima kukafumuliwa kwa asubuhi moja, na Placida akaokota nyuzi moja moja.

Akapanga. Akaenda mlangoni. Akafumba jicho.

Vitenge vya Vero vilipendeza kuliko siku vilipotoka dukani.

Alijua sababu, aliifundisha watu. Rangi iliyopauka imetulia; ukiizungushia rangi inayopiga kelele, kelele inageuka wimbo. Feni ziliwaka bila kuunguza. Ua la njano lilikaa mahali pake kama malkia. Ile mikanda yake, yenye jasho la miaka yote ile, ilikuwa imesimama pembeni inawashikia taa wageni.

Ilimuuma. Alikaa kwenye kiti, akaitazama, ikamuuma zaidi.

"Vya Vero vimetoka," alisema Placida taratibu.

"Naona. Nina macho."

"Unaweza kurudisha yale maua."

Anatolia aliinuka, akapiga magoti kwenye mkeka, akaweka kidole juu ya feni nyekundu. Akajaribu kukitoa pale mpaka kwenye ua la njano. Kidole kilipita juu ya mbayuwayu. Akajaribu njia nyingine, kikapita juu ya funguo. Kulia, kushoto, juu, chini. Hakukuwa na namna ya kutoka kitenge kimoja cha Vero kwenda kingine bila kumvuka Anatolia.

"Kata uzi," alimwambia Placida.

Pindo halikumsumbua. Kabatini kulikuwa na kitenge cha nane, kijani kibichi chenye punje nyeusi kama za kahawa, alichokinunua kwa ajili ya Krismasi ambayo Felicitas hakuifikia. Kilikuwa kizima, hakijavaliwa na mtu. Kilikuwa kimekaa mwaka mzima bila kuzaa chochote; sasa kikafanye kazi. Akakizungusha pande zote nne, na upande wa miguu akaongeza shibiri mbili, kama walivyopatana.

Siku ya misa Vero na Edgar walifika asubuhi. Baada ya kanisa watu walikwenda kaburini, na kaburi, kama makaburi yote ya ukoo ule, lilikuwa kibanjani, kwa hiyo wote walipita katikati ya ile dhahabu. Anatolia alimwona Vero akigeuza shingo mara moja, mara mbili. Mgomba mmoja ulikuwa umelegea kidogo. Mzee alipita akaukazia fundo, bila kumtazama mtu.

Nyumbani, blanketi lilikuwa limetandazwa juu ya kochi. Wanawake walipiga vigelegele. Safari hii Anatolia aliwaacha wapige. Vero alisogea, akachuchumaa, akaupitisha mkono juu ya feni zake, juu ya ua lake. Kisha mkono ukasimama juu ya mkanda.

"Hawa ndege nawajua."

"Unawajuaje?"

"Kila nilipokuja nilimkuta amevaa hiki, au kimoja cha hivi vingine." Vero alisema kwa sauti ya chini, watu wasisikie. "Kila nilipokuja, dada. Nampa changu, anakishangilia, anaingia ndani kukiweka, anatoka amevaa hivi hivi vya viraka. Nikaleta kizuri zaidi. Nikaleta kingine. Nilimwambia Edgar, mimi mama yako hanipendi, ananikaribisha tu."

Anatolia alilipokea hilo kama chai ya kwanza ya asubuhi, likashuka mpaka tumboni na kukaa huko likipasha moto. Vitenge kumi na vitatu, ukihesabu na cha tausi. Kumbe mwenzake alikuwa anapanda dau miaka yote hiyo, dhidi yake, na kushindwa. Angeweza kumwambia: lakini wewe ndiye uliyemfunika siku ya mwisho, una tausi, usilie. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Hakulitoa. Mtu hatoi bidhaa yake bora siku ile ile aliyoipata.

"Alikuwa mama mgumu," alisema tu.

Vero alijifuta pua, akatazama tena blanketi, pindo mpaka pindo, mkanda kwa mkanda, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha.

"Dada, na satini yangu?"

Anatolia alivuta kona ya blanketi, ikakaa sawa na ukingo wa kochi.

"Iko kazini," alisema.